Mashine ya ufundi kutoka ng'ambo: Soma kibandiko kabla ya kuichomeka

NYAYA za umeme zilipofika vijiji vya upande wa bara wa Malindi, kikiwemo Kakuyuni, seremala aliondokewa na safari ya kupeleka mbao mjini ili zipasuliwe kwa mashine. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme mashinani, Last Mile, ulioanzishwa mwaka wa 2015, uliongeza idadi ya nyumba na karakana zenye mita.

Palipo na umeme hutafutwa mashine, na si zote zinazonunuliwa katika maduka ya humu nchini. Kuna zinazotumwa na jamaa walioko Marekani, zinazorudi na vijana waliofanya kazi nchi za Ghuba, na zinazouzwa na Wataliano wa Malindi wanapofunga nyumba zao na kurejea kwao. Kwa macho zote ni msumeno, drili au grainda. Kwa umeme, kila moja ina kwao.

Fundi asiyelijua hilo huchomeka msumeno aliotumiwa kutoka Chicago, ukanguruma kwa kasi ya ajabu, ukatoa harufu ya waya ulioungua, kisha ukanyamaza. Mtaji wa miezi kadhaa hupotea kwa dakika moja.

Dawa yake ni kusoma kibandiko au kibati kilicho ubavuni mwa mashine. Hapo pana mambo matatu: volti, hezi, na wati au ampea.

Nchini Kenya, umeme wa nyumbani ni volti 240, na mkondo wake hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Italia ni volti 230 na hezi 50. Katika Ghuba, Oman, Qatar na Falme za Kiarabu hutumia hezi 50 na volti zinazokaribiana na zetu, lakini Saudia hutumia hezi 60.

Tofauti hizi ni za kihistoria. Thomas Edison alipoanza kuuza umeme jijini New York mwaka wa 1882, alitumia takriban volti 110, na Marekani haikuwahi kwenda mbali na kiwango hicho. Baadaye makampuni ya huko yalishika hezi 60 na yale ya Ujerumani hezi 50. Kenya, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilirithi utaratibu wa mkoloni, pamoja na plagi yake ya miguu mitatu bapa.

Tuanze na volti. Mashine ya volti 120 ikipewa 240 hupata msukumo maradufu. Kifaa cha kupasha moto, kama vile pasi ya kulehemu nyaya, hakitumii umeme mara mbili bali mara nne: kilichoandikwa wati 100 hutafuna 400 hadi kikatike. Grainda huzunguka kupita kiasi, na jiwe lake, ambalo lina kikomo cha kasi kilichoandikwa juu yake, laweza kupasuka na kumrukia fundi usoni. Hapa si mali tu iliyo hatarini.

Adapta ya plagi haitibu tatizo hili. Kazi yake ni kubadilisha umbo la miguu tu. Volti hupita vilevile. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120 au 110. Vile vigeuzi vidogo vyepesi vya wasafiri, vilivyokusudiwa pasi na vikausha nywele, havifai kwa mota.

Ukubwa wa transfoma hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Msumeno wa volti 120 na ampea 15 unahitaji 1,800. Hata hivyo, mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko huo, kwa hiyo ni busara kununua transfoma ya 2,500 au 3,000. Zile za manjano zinazotumiwa katika maeneo ya ujenzi nchini Uingereza hutoa volti 110, nazo zaweza kuendesha mashine ya Marekani ikiwa na nguvu pungufu kidogo. Nyingi zimeundwa kwa kazi ya vipindi. Zikipata joto zipumzishwe.

Jambo la pili, hezi, ndilo huwatega hata mafundi wazoefu, kwa kuwa transfoma haiwezi kuzibadilisha. Drili, grainda na misumeno ya mkononi yenye waya kwa kawaida ina mota zenye brashi za kaboni. Mota hizo hazibagui hezi 50 na 60. Zikipewa volti sahihi zitafanya kazi.

Lakini kompresa, pampu za maji na mashine nyingi nzito za kupasulia au kurandia mbao hutumia mota za induksheni, ambazo kasi yake hufuata hezi. Iliyoundwa kwa hezi 60, ikiletwa kwenye hezi 50, hupoteza sehemu moja kwa sita ya kasi na hupata joto zaidi.

Chukua pampu iliyotoka Jeddah, yenye kibandiko cha volti 220 na hezi 60. Mnunuzi huona 220, akaridhika kwamba inakaribia 240. Gawanya volti kwa hezi: kule ni takriban 3.7, hapa ni 4.8. Chuma cha ndani ya mota kinabebeshwa mzigo uliozidi kwa karibu theluthi. Itavuma, itachemka, na koili zitaungua. Mashine ya aina hiyo ni afadhali kuiacha sokoni, au kuihesabia gharama ya mota mpya ya hezi 50 kabla ya kukubaliana bei.

Mashine za Wataliano hazina matata hayo. Zinadai kubadilishiwa plagi tu na kuwekewa fyuzi inayolingana na mzigo. Ile desturi ya kuingiza kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili miguu miwili ipenye ni ya hatari, kwani huacha waya wa ardhi nje. Mashine yenye mwili wa chuma isiyo na alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, lazima iunganishwe na waya huo, la sivyo hitilafu ndogo yaweza kumuua anayeishika.

Kwa mashine za betri, tazama chaja. Iliyoandikwa volti 100 hadi 240 na hezi 50/60 yahitaji adapta pekee. Ya volti 120 tupu itafutiwe mbadala wa volti 240 unaooana na betri hiyo.

Kwa kazi ya nyaya, tafuta fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Na kabla jamaa aliye ng'ambo hajalipia mzigo, mwombe akutumie picha ya kibandiko. Picha hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama unaletewa chombo cha kazi au chuma chakavu.