Asili na Bandia katika Mkusanyo wa Vigari vya Kuchezea

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yafaa kumwongoza mtu anayechunguza kitu kikubwa kama jahazi, na yafaa vile vile kwa kitu kidogo kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za vigari vya kuchezea vya madini ya kusubu. Vigari hivyo vilitengenezwa Uingereza kwa mamilioni katika karne ya ishirini, vikauzwa kwa bei ndogo iliyowezwa na mtoto mwenye akiba kidogo, na leo baadhi yake hununuliwa kwa thamani ya gari la kweli. Palipo na bei kama hiyo mghushi hakosekani. Swali langu ni hili: mghushi huharibu nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba huharibu mfuko wa mnunuzi. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni fupi mno. Maana hasara ya mnunuzi ni ya mtu mmoja, na hasara ya historia ni ya wote waisomao.

Chanzo cha vigari hivi kimefungamana na mji wa Liverpool. Huko Frank Hornby, aliyezaliwa mwaka 1863, alipata hataza mwaka 1901 kwa vyuma vya kuunganisha vilivyokuja kujulikana kwa jina la Meccano. Baadaye kampuni yake ilitengeneza treni za kuchezea, ikaona kuwa stesheni isiyo na watu na barabara isiyo na magari ni kiwanja kikiwa. Kwa hiyo mwaka 1933 ilitoa vigari vidogo vya kuipamba reli, na mwaka uliofuata vikapewa jina la Dinky Toys. Hornby alifariki mwaka 1936, lakini kiwanda chake cha Binns Road kiliendelea na kazi mpaka kilipofungwa mwezi wa Novemba, 1979.

London nayo ilitoa mshindani. Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa na udugu wa damu, walianzisha kampuni mwaka 1947 wakaiita Lesney, kwa kuunganisha sehemu za majina yao. Akajiunga nao fundi hodari, Jack Odell. Inajulikana kuwa binti wa Odell aliruhusiwa kupeleka shuleni kitu cha kuchezea kinachoingia katika kisanduku cha kiberiti tu. Baba yake akamtengenezea kidude cha kadiri hiyo, na katika mwaka 1953 likazaliwa jina la Matchbox. Miaka mitatu baadaye vigari vya Corgi vilianza kutoka kiwandani Swansea, vikijisifia madirisha yake ya plastiki angavu.

Ili tuelewe kwa nini vitu hivi vyaghushika kwa urahisi, hatuna budi kujua vilivyotengenezwa. Fundi huchonga kalibu ya chuma cha pua, kazi ya siku nyingi na gharama kubwa. Kisha zinki iliyoyeyushwa, iliyochanganywa na aluminiamu kama asilimia 4, husukumwa ndani ya kalibu kwa nguvu, ikaganda kwa muda mfupi sana. Kalibu moja huzaa vigari maelfu kwa maelfu. Maadamu kalibu ni ghali na kigari ni rahisi, mwenye kiwanda atakaye kuleta kitu kipya dukani hapendi kuchonga kalibu nyingine. Hubadili rangi, au hubadili magurudumu, au huandika ubavuni jina la duka jingine. Kutokana na desturi hiyo, tofauti baina ya kigari kilicho tele na kigari adimu mara nyingi imo katika ngozi, haimo katika mfupa. Ngozi ndiyo sehemu ambayo mghushi aiweza.

Mifano miwili yatosha. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Dinky ilitoa magari ya kupelekea bidhaa yenye matangazo ubavuni, na machache yalitiwa majina ya maduka yaliyoagiza idadi ndogo kwa ajili yao wenyewe. Moja lenye jina la W. E. Boyce, duka la baiskeli la kaskazini mwa London, liliuzwa mnadani mwaka 2008 kwa karibu paundi 20,000. Mfano wa pili ni gari la Dodge la kukokotea magari mabovu, namba 13 katika mfululizo wa Matchbox, lililotolewa mwaka 1965. La kawaida lina kichwa cha manjano na mwili wa kijani. Machache yanajulikana ambayo rangi zake zimepinduka: kichwa kijani, mwili manjano. Kalibu ni ile ile, madini ni yale yale, na rangi ni zile zile mbili. Lililobadilika ni mahali pa kila rangi. Baina ya kitu cha bei ndogo na kitu cha bei kubwa pana mikebe miwili ya rangi na mkono mtulivu.

Njia za kughushi zaweza kupangwa katika mafungu manne. La kwanza ni kupaka rangi upya, kama nilivyokwisha kueleza. La pili ni kubadilisha viungo: vigari vya awali vya Matchbox vilikuwa na magurudumu ya madini, baadaye ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi, basi mtu huchukua gurudumu la kipindi kimoja akalitia katika mwili wa kipindi kingine, akapata aina ambayo kiwanda hakikuitoa kamwe. La tatu ni kusubu upya, yaani kutengeneza kalibu ya mpira kutokana na kigari cha asili, na kumimina humo madini laini. La nne ni kughushi kisanduku, kwa sababu kisanduku cha asili huongeza sana bei ya kilichomo. Pamoja na hayo, vimetokea katika karne hii vigari vipya vinavyofuata sura ya Dinky za zamani hata kwa visanduku vyake, vilivyotengenezwa China na kuuzwa waziwazi kuwa ni vipya. Hivyo si bandia vinapotoka dukani. Huwa bandia siku ile mtu anapofuta alama ya upya na kukaa kimya.

Mchunguzi naye ana silaha zake, na ya kwanza ni tabia ya madini yenyewe. Madini yaliyomiminwa husinyaa yanapopoa. Kwa hiyo kigari kilichosubiwa kutokana na kigari kingine hutoka kidogo kuliko mzazi wake, na kipimo chema huonyesha upungufu ambao jicho halikuuona. Kwa upande mwingine, vigari vingi vya zinki vya kabla ya vita vina ugonjwa wake. Risasi kidogo sana ikichanganyika na zinki kwa uzembe wa kiwandani, huifanya ioze ndani kwa ndani. Mwili huvimba, hupasuka nyufa, na mwishowe humeguka kama mkate mkavu. Basi kuna jambo la ajabu: cha asili huelekea kukua kwa uzee, na nakala huzaliwa imesinyaa. Sisemi kuwa kila kigari cha mwaka 1936 kisicho na ufa ni cha uongo, kwani vingi vilisubiwa kwa zinki safi. Nasema kuwa uharibifu ambao mkusanyaji huuogopa waweza kuwa shahidi wake.

Silaha ya pili ni utaratibu wa kiwanda. Kwa kawaida mwili ulipakwa rangi kwanza, kisha bamba la chini likafungwa kwa kuponda vichwa vya ribiti. Mghushi atakaye kupaka rangi vizuri hana budi kuvifungua, na kuvifungua ni kuvivunja. Kichwa cha ribiti kilichotobolewa kwa keekee, gundi iliyojificha chini ya bamba, au rangi iliyokaa juu ya kichwa ambacho kilipaswa kupondwa baada ya rangi kukauka, yote hayo ni maneno yanayosomeka kwa kioo cha kukuzia. Vile vile ncha za ekseli: za awali zilibanwa, za baadaye zilifanywa mviringo, na kila moja ina wakati wake. Ama karatasi, huchunguzwa kwa taa ya miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Dawa za kuing'arisha karatasi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na karatasi yenye dawa hiyo hutoa mng'ao wa buluu chini ya taa. Kisanduku kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1938, kikang'aa hivyo, kimejishtaki chenyewe. Njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo, kipo kigari ambacho silaha hizi hazikitoshi, nacho ni kifani cha majaribio. Kampuni ya Mattel ya Marekani, iliyoanza kuuza Hot Wheels mwaka 1968, ilijaribu mwaka 1969 kutengeneza basi dogo la Volkswagen lenye mbao za kutelezea mawimbi zilizochomoza dirisha la nyuma. Lilikuwa jembamba na zito juu, likashindwa kwenda sawasawa katika njia zake. Likabuniwa upya, likatanuliwa, na mbao zikawekwa ubavuni. Vifani vichache vya umbo la kwanza vilisalia, na vile vya rangi ya waridi hutafutwa kuliko vyote. Kitu ambacho hakikuuzwa dukani hakina orodha ya duka ya kukithibitisha. Hapo mchunguzi huuliza kilitoka mkononi mwa nani, kikaenda kwa nani, na nani aliandika. Msomi wa hadithi na riwaya za kale aijua kazi hii: habari hupimwa kwa mlolongo wa walioipokea, na kiungo kimoja kikikosekana, uzito wa mlolongo wote hupungua.

Si haki, lakini, kumtia hatiani kila aliyeshika brashi. Wakusanyaji wamejiwekea daraja tatu zenye maana: ya kwanza ni kigari kilichotengenezwa na kupambwa na kiwanda chenyewe, ya pili ni kilichobadilishwa na mtu mwingine kwa idhini ya kiwanda, ya tatu ni kilichobadilishwa bila ya idhini. Mtu wa daraja ya tatu aweza kuwa fundi mwaminifu anayekiokoa kigari kilichokwisha kuchakaa. Sisi tunaosoma miswada ya Kiswahili twaifahamu tofauti hii. Mnakili aliyeinakili hati ya zamani akaandika mwishoni jina lake na tarehe yake, ametuhifadhia urithi. Mnakili yule yule akiandika jina la marehemu na tarehe ya karne iliyopita, ameuharibu urithi huo kwa kalamu ile ile. Kazi ya mikono ni moja. Kilichotofautiana ni maneno yaliyofuatana nayo.

Hapa ndipo ninapolirudia swali langu la kwanza. Viwanda havikuandika kila badiliko la rangi au la gurudumu. Meneja aliyeishiwa na rangi moja siku fulani akatumia nyingine, hakudhani kuwa kutakuwa na msomi wa kumwuliza sababu. Orodha tulizo nazo za aina za vigari zimetungwa kwa sehemu kubwa na wakusanyaji wenyewe, kwa kuvitazama vigari vilivyosalia na kuviandika kimoja kimoja. Maana yake ni kwamba vigari ndivyo daftari la kiwanda. Bandia moja ikipita katika macho ya mtunga orodha, huandikwa kuwa ni aina iliyotolewa. Na ikiisha kuandikwa, huwa kipimo. Bandia ya pili ikija, huletwa mbele ya orodha, ikalingana nayo, ikathibitishwa. Ya kwanza imeizalia ya pili cheti. Mnunuzi aliyedanganywa aweza kurudishiwa fedha zake. Lakini uongo ulioingia kitabuni hauna wa kuurudisha, na huenda ukadumu hata baada ya mghushi na aliyeghushiwa kufa wote wawili.

Kwa hiyo wajibu haumhusu mnunuzi peke yake. Fundi anayetengeneza upya na aweke alama isiyofutika chini ya bamba. Mwenye mnada na aandike kila kiungo kilichobadilishwa, hata kama maandishi hayo yatapunguza bei. Mkusanyaji na ahifadhi risiti na barua pamoja na kigari, kwa kuwa bila ya hizo anahifadhi zinki tu. Na mtunga orodha, ambaye mzigo wake ni mzito kuliko wote, na aseme wazi ni aina gani ameziona kwa macho yake, na ni zipi amezipokea kwa kusikia. Mtoto wa Liverpool aliyenunua gari la peni chache hakuhitaji cheti, kwa sababu alijua alilinunua wapi. Sisi tuliokuja nyuma yake hatukuwapo dukani; tunalolijua ni lile tuliloachiwa, na ni juu yetu kulilinda lisichanganyike na tulilojitungia.