Mkaushwa, si Mumiani

Kitabu kimoja cha historia kilichonifikia hapa Kamembe, mji uleule alikohamishiwa Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda baada ya kuvuliwa ufalme mwaka 1931, kinamwita Tutankhamun, yule mfalme wa Misri ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, kwa jina la mumiani. Na kamati iliyoidhinisha istilahi hiyo, ambayo niliiandikia kuipinga kwa hoja, haikuona vema kunijibu walau mstari mmoja.

Asili ya neno hilo ni Kiajemi: mum, yaani nta, kisha mumiyai, lami ya milimani iliyokuwa dawa ya mifupa iliyovunjika, na kwa kuwa maiti za Misri zilikuwa nyeusi kwa ulimbo, watu wa zama za baadaye walidhani zimepakwa lami hiyo, hata wachuuzi wa Ulaya wakazisaga wakaziuza kuwa dawa. Katika pwani ya Afrika Mashariki likageuka tena, na zama za ukoloni mumiani akawa mnyonya damu wa kutisha watoto. Je, ni insafu kumpa jina hilo marehemu aliyehifadhiwa kwa taadhima?

Mimi nashikilia mkaushwa, kwa kanuni ileile iliyozaa mfungwa na mpendwa. Wapinzani wangu husema neno hili lanuka soko la sambaza, wale samaki wadogo wakavu. Nami nawajibu kwamba kukausha ndiyo kazi yenyewe. Wamisri waliufukia mwili katika magadi kwa siku zipatazo 40, ndipo wakauviringa kitani, ili roho irudipo iutambue. Na huku Rwanda mwili wa mfalme ulikaushwa kwa moto, kama ule wa Mwami Cyirima Rujugira wa karne ya 18, ambaye abiru, wahifadhi wa siri za ufalme, hawakumzika hata karne ya 20, kwa kuwa ubwiru, kanuni yao ya siri, ulitaka zamu ya majina ya wafalme itimie kwanza. Habari za kaburi lake, lililochimbuliwa na Francis Van Noten, zilichapishwa mwaka 1972.

Tena Wanyarwanda hawasemi mfalme amekufa, husema yatanze, yaani ametoa. Mkaushwa humwacha katika ngeli ya watu: alilazwa, alilindwa, akazikwa. “Maiti iliyokaushwa” ya kamati nyingine yamshusha katika ngeli ya vitu, nami siikubali abadani.

Wingi ni wakaushwa, kazi ni ukaushaji. Na paka waliokaushwa wa mahekalu ya Misri nao waitwe vivyo hivyo.