Mlango wa Uani wa Dreamcast

Igeuze diski ya gemu ya Dreamcast, konsoli ya Sega, utazame upande unaong'aa. Utaona pete inayoigawa sehemu mbili. Ya ndani ni CD ya kawaida tu. Ukiitia kwenye redio ya CD utasikia sauti ikikuonya kwamba umekosea mashine. Mali yenyewe iko sehemu ya nje. Huko data zimesongamana kiasi kwamba kompyuta za nyumbani hazikuweza kuzisoma, na ndivyo diski hiyo, GD-ROM, iliyobuniwa na Sega pamoja na Yamaha, ilivyobeba takribani gigabaiti 1 wakati CD tupu za dukani ziliishia megabaiti 700.

Kwa hiyo Dreamcast ilipoingia sokoni, Japani tarehe 27 Novemba 1998 na Marekani tarehe 9 Septemba 1999, Sega walilala usingizi wao. Mwizi angeisomaje diski isiyosomeka? Na hata akiisoma, angeichoma kwenye nini?

PlayStation ya kwanza ilikuwa na shida nyingine. Msomaji aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa huenda anaikumbuka ile iliyokwisha kupita mikononi mwa fundi, ikafunguliwa, ikalehemewa chip ndani, ndipo ikakubali CD za kuchoma. Dreamcast haikumhitaji fundi wala chip. Mlango ulikuwepo tangu kiwandani, na aliyeutoboa ni Sega mwenyewe.

Mlango huo uliitwa MIL-CD. Lilikuwa wazo la kibiashara: CD ya muziki inayopigwa kwenye redio yoyote, lakini ukiitia kwenye Dreamcast inakupa na menyu, picha na video. Wanunuzi hawakuichangamkia, matoleo yake hayakufika hata kumi. Ila ili CD hizo zifanye kazi, konsoli ilibidi ikubali kuendesha programu kutoka kwenye CD ya kawaida, isiyo GD-ROM.

Sega hawakuuacha mlango wazi kabisa. Konsoli ilipokuta programu kwenye MIL-CD, iliupangua kwanza mpangilio wa baiti zake, kisha ndipo ikaiendesha. Programu ya kawaida ingegeuka uji. Iliyokwisha kupanguliwa mapema kwa utaratibu wa kinyume ingerudi sawasawa, kama nguo iliyogeuzwa ndani nje mara mbili. Usalama wote, basi, ulitegemea utaratibu huo kubaki siri, na siri ya namna hiyo haidumu.

Juni 2000 kundi lililojiita Utopia lilitoa diski ya kuwashia. Unaitia, kulungu wa nchi za baridi anazunguka kwenye skrini, unaitoa, unatia nakala ya gemu, unacheza. Haikupita muda zikaja nakala zisizohitaji hata diski hiyo ya kwanza.

Na GD-ROM isiyosomeka je? Ilisomwa na Dreamcast yenyewe. Watundu waliiunganisha konsoli na kompyuta kwa waya wa data, wakaiamuru isome diski na kusukuma kila ilichokisoma upande wa pili. Ukipiga hesabu kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, gigabaiti 1 inakula kama siku nzima, mashine ikiunguruma kutwa kucha. Kisha data zote hizo zilipaswa kuingia kwenye CD ya megabaiti 700. Gemu kubwa zikapitishwa kisu: muziki ukapunguzwa ubora, video zikabanwa au kuondolewa kabisa. Wengi waliocheza nakala enzi hizo walicheza gemu zilizonyofolewa viungo.

Mwishoni mwa 2000 Sega waliziba tundu kwenye mashine mpya. Ndiyo maana hadi leo mnunuzi mjuzi huipindua Dreamcast kabla ya kutoa hela na kutafuta tarakimu iliyo ndani ya duara kwenye lebo ya chini. Akikuta 0 au 1, ametulia. 2 ni bahati nasibu.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega walitangaza kuacha kuitengeneza; kwa jumla ziliuzwa mashine takriban milioni 9.13. Wapo wanaosema nakala ndizo zilizoiua. Hoja hiyo inachechemea. Electronic Arts, wenye gemu za michezo zilizouzwa kuliko zote, hawakuitengenezea hata moja. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000 ikiwa inacheza na filamu za DVD. Na Sega walikuwa na hasara za miaka tangu enzi za Saturn, konsoli yao ya kabla ya hii. Nakala ziliuma, lakini ziliuma mgonjwa aliyekwisha kulazwa.

Kupitia mlango uleule waliingia pia watu wasiokuwa na nia ya kuiba gemu ya mtu. Wazungumzaji wa Kiingereza huziita kazi zao kwa jina la pombe ya kienyeji, ile inayopikwa nyumbani bila leseni, na jina limekaa. Walitengeneza KallistiOS, msingi wa programu ulio huru, usiochukua chochote kutoka kwenye vifaa rasmi vya Sega. Zikaja programu za kuchezesha gemu za Nintendo za zamani, ukaja na mfumo endeshi wa NetBSD. Mwaka 2001 kampuni ya Bleem ilithubutu kuuza Bleemcast, diski iliyokuwezesha kucheza Gran Turismo 2 ya PlayStation kwenye mashine ya mpinzani. Ujerumani waliendelea kuuza gemu mpya za Dreamcast muda mrefu baada ya Sega kufunga virago: Last Hope mwaka 2007, Sturmwind mwaka 2013. Na Desemba 2024 wapenzi wa mashine hii walitoa Grand Theft Auto III inayokwenda kwenye Dreamcast, yenye megabaiti 16 tu za kumbukumbu kuu, nusu ya zile za PlayStation 2 ambayo gemu hiyo ilitungiwa.

Siku hizi adui ni uzee. Jicho la leza linachoka, diski halali inazunguka na kuzunguka bila kusomwa. Tiba ni kibao kiitwacho GDEMU, kinachokaa pale palipokuwa na kisoma diski na kusoma kadi ya SD. Hakuna kulehemu: skrubu nne za kasha, mojawapo imejificha chini ya modemu, unainua kifuniko, unakifungua kisoma diski, unakichomoa kwenye soketi yake na kupachika kibao. Kadi ya SD haina ukomo wa megabaiti 700. Gemu hukaa humo nzima, gigabaiti yake yote, na video zilizokatwa mwaka 2000 zimerudi mahali pake.