Nani aliidhulumu "Don't Speak"?

Wadau, leo naanza kwa kuungama. Wiki mbili zilizopita niliandika kipande kifupi kwenye ukurasa wa burudani wa gazeti ninalofanyia kazi, kuhusu vibao vya miaka ya 1990 ambavyo vijana wa sasa wanavisikiliza upya. Humo nikasema kwamba "Don't Speak" ya kundi la No Doubt "haikufua dafu nyumbani kwao Marekani". Sikubuni. Niliingia kwenye kumbukumbu za Billboard Hot 100, nikautafuta wimbo mwaka 1996, nikautafuta 1997, sikuuona. Si namba moja, si namba arobaini, si namba mia. Nikaandika nilichokiona, mhariri akapitisha, gazeti likachapwa, mimi nikalala usingizi mnono.

Asubuhi yake simu ikaita. Mjomba. Huyu mjomba wangu alikuwa DJ wa disko hapa Dar miaka hiyo, na mpaka leo hakuna harusi ya ukoo inayoisha bila yeye kumsogeza pembeni kijana wa muziki na kumfundisha kazi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi wewe chuo kikuu ulikwenda kusoma nini?"

Nikajua kimenuka. Akaniambia wimbo ule alikuwa akiupiga mara tatu kwa usiku mmoja. Kanda ilikatika akaiunga kwa selotepu, ikakatika tena, watu bado wanautaka. "Halafu wewe, ambaye ulikuwa hujazaliwa, unaniambia haukufua dafu?" Nikajitetea: mjomba, kwenye chati haumo. Akajibu, "Basi hiyo chati yako ndiyo mbovu," akakata simu.

Nilicheka, kisha nikaanza kuchimba. Kadiri nilivyochimba ndivyo kicheko kilivyoniishia, maana mjomba alikuwa sahihi kuliko hata yeye mwenyewe alivyodhani.

Iko hivi. Hot 100 ilianza tarehe 4 Agosti 1958, na tangu siku ya kwanza ilichanganya mambo mawili: singo zilizouzwa madukani na nyimbo zilizopigwa redioni. Lakini kwa miaka arobaini ilikuwa na sharti moja ambalo mimi, msomi wa chuo, sikulijua. Wimbo usiouzwa dukani kama singo haukuruhusiwa kuingia. Hata upigwe na kila redio kutoka New York mpaka Los Angeles, kama hakuna kipande cha plastiki chenye wimbo huo peke yake ambacho mteja anaweza kukilipia, kwenye Hot 100 wimbo huo haupo. Haujazaliwa.

Miaka ya 1990 kampuni za muziki za Marekani zikaugeuza utaratibu huo kuwa mtego. Zilijiuliza, kwa nini tumuuzie mtu wimbo mmoja kwa bei ndogo wakati tunaweza kumlazimisha anunue albamu nzima? Basi wimbo ulipelekwa redioni na kwenye televisheni, video ikarushwa, watu wakapagawa, na walipofika dukani wakaambiwa singo hakuna, chukua CD nzima. "Don't Speak" ilikuwa kwenye albamu ya Tragic Kingdom ya mwaka 1995. Kwenye chati ya Billboard ya nyimbo zinazopigwa redioni ilikaa namba moja wiki 16, kati ya mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997. Wiki kumi na sita! Kwenye Hot 100 ilipata sifuri.

Sasa vuka bahari uende Uingereza, uone wimbo huohuo. Kule chati ilikuwa ya mauzo matupu, redio haikuhesabiwa, na singo ilitolewa Februari 1997. Ikaingia moja kwa moja namba moja na kukaa pale wiki tatu. Kwa hiyo mtu anayesoma chati za Uingereza leo ataona wimbo mkubwa, na mtu anayesoma Hot 100 hataona kitu, kama mimi. Tofauti yao haikuwa masikio ya watu. Ilikuwa uamuzi wa wakubwa fulani ofisini juu ya nini kiwekwe kwenye rafu.

Hapo ndipo swali lilipoanza kuninyima usingizi. Duka la iTunes lilifunguliwa tarehe 28 Aprili 2003, kila wimbo senti 99. Billboard ikaanza kuhesabu nyimbo za kupakua kwenye Hot 100 Februari 2005, Waingereza wakafuata Aprili mwaka huohuo. Je, kama duka la namna hiyo lingekuwepo tangu zamani, chati za zamani zingesomekaje?

Tuanze na majira ya "Don't Speak". Kwa sehemu kubwa ya wiki zile, kiti cha namba moja kwenye Hot 100 alikikalia Toni Braxton na "Un-Break My Heart", wiki 11 nzima, kisha wakaja Spice Girls na "Wannabe" kwa wiki nne. Mimi siwezi kukuapia kwamba No Doubt wangemng'oa Toni Braxton wiki zote. Huyo dada naye alikuwa moto, redioni na dukani, na kwenye chati inayochanganya vitu viwili huwezi kujua kura zingegawanyika vipi. Lakini wimbo ambao tayari unaongoza redioni, halafu msikilizaji anaweza kuununua hapohapo kwa bei ya chini ya dola moja, unakosaje hata wiki mbili tatu za namba moja? Nina hakika ungezipata. Na wala haukuwa peke yake. "Torn" ya Natalie Imbruglia iliongoza redio za Marekani wiki 11 mwaka 1998. "Iris" ya Goo Goo Dolls iliongoza wiki 18. Desemba 1998 Billboard wakaona aibu, wakaliondoa sharti la singo. "Iris" ikaingia namba 9 ikiwa tayari imeanza kuchoka. "Torn" ikaishia namba 42. Ukisoma namba hizo bila kujua habari hii utadhani "Torn" ilikuwa wimbo wa kujazia albamu.

Kuna upande mwingine ambao mjomba nilipomwambia hakuupenda. Tragic Kingdom iliuza mamilioni ya nakala Marekani. Ni wangapi kati ya wanunuzi hao walitaka nyimbo zote, na ni wangapi walitaka "Don't Speak" tu wakakosa njia nyingine? Kama kupakua kungekuwepo, wengi wangelipa senti zao 99 na kwenda zao. Chati ingesema kweli, na kundi lingepata fedha kidogo zaidi. Kwa hiyo ukiniuliza nani aliidhulumu "Don't Speak", nitasema ni kampuni yake. Ila ni dhuluma iliyolipa.

Tukirudi nyuma zaidi mambo yanakuwa matamu, na si kwa namna niliyotarajia. Chukua The Beatles, Februari 1967. Walitoa santuri moja yenye "Penny Lane" upande mmoja na "Strawberry Fields Forever" upande wa pili. Uingereza ikaishia namba mbili, nyuma ya "Release Me" ya Engelbert Humperdinck, na ikawa singo yao ya kwanza kukosa kilele tangu 1963. Mashabiki wa Beatles mpaka leo wanaisimulia kama kisa cha uonevu, na wengi hudhani mauzo ya mtandaoni yangewaokoa. Hebu fikiri. Uingereza santuri ile ilihesabiwa kama kitu kimoja: ukipenda upande huu au ule, umenunua nakala moja. Kwenye kupakua, kila wimbo unasimama na miguu yake. Anayetaka "Penny Lane" analipia "Penny Lane". Mauzo yangepasuka vipande viwili, na Engelbert angekaa kileleni kwa raha zaidi. Marekani tayari walikuwa wanahesabu pande mbalimbali: "Penny Lane" ilifika namba moja, "Strawberry Fields" namba 8.

Miezi michache baadaye wakatoa Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, na hapo hesabu inageuka. Albamu ile haikutolewa na singo hata moja mwaka ule. Dunia nzima inaimba nyimbo zake, chati ya singo inawatazama tu. Kwa utaratibu wa leo, nyimbo zake 13 zingevamia chati siku moja kama nzige. Tunajua kwa sababu tumeona: Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu yake ya ÷, na kwa kuwa Uingereza ilikuwa inahesabu pia usikilizaji wa mtandaoni tangu 2014, nyimbo zake 16 zikawa ndani ya ishirini bora. Waingereza wakashtuka, na Julai mwaka huohuo wakaweka kanuni kwamba msanii mmoja asizidi nyimbo tatu. Sasa niambie, Sgt. Pepper ungeihesabu kwa kanuni ya Machi 2017 au ya Julai 2017? Unapata historia mbili tofauti ndani ya miezi minne.

"Stairway to Heaven" ya Led Zeppelin ni ya 1971, na Uingereza hawakuitoa kama singo zama zile. Novemba 2007 nyimbo zao zilipofika kwenye maduka ya mtandaoni, wimbo ukaingia chati kwa mara ya kwanza, namba 37, ukiwa na umri wa miaka 36. Wapo wanaoicheka hiyo 37. Mimi naona ni ajabu kwamba baada ya kila mwenye kuipenda kuwa nayo kwenye santuri, kanda na CD, bado walipatikana wa kuilipia tena.

Halafu kuna misiba. Mzaliwa wa Zanzibar, Freddie Mercury, alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Watu walitaka kuisikia "Bohemian Rhapsody", lakini ili irudi kileleni kampuni ilibidi iitoe upya, ichapishe nakala, izisambaze madukani. Desemba ikawa namba moja tena na kukaa wiki tano, baada ya zile tisa za mara ya kwanza mwaka 1975 na 1976. Linganisha na Michael Jackson, aliyefariki tarehe 25 Juni 2009. Hakuna aliyesubiri kiwanda. Uingereza "Man in the Mirror", ambayo mwaka 1988 iliishia namba 21, ikapanda mpaka namba mbili bila mtu kutoa singo mpya. Na Marekani, nyumbani kwake? Nyimbo zake zilipakuliwa zaidi ya mara milioni mbili kwa wiki moja, lakini Hot 100 haikumpa nafasi hata moja, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliwazuia wazee kurudi chatini. Teknolojia ilikuwepo, wanunuzi walikuwepo, hela imelipwa. Kanuni ikasema hapana. Ni kisa kilekile cha "Don't Speak" kimevaa nguo mpya.

Mwenye bahati ni Mariah Carey. "All I Want for Christmas Is You" ilitoka 1994, na kwa kuwa haikuuzwa Marekani kama singo, nayo ilifungiwa mlango na sharti lilelile. Lakini Krismasi inakuja kila mwaka, kwa hiyo kesi yake ikawa inasikilizwa upya kila Desemba, mpaka 2019 ikashika namba moja, robo karne baada ya kutoka. "Don't Speak" haina sikukuu. Watu huachana mwaka mzima, hawana tarehe maalumu.

Basi nikampelekea mhariri marekebisho, mistari minne. Akanikatia ikawa miwili: kwamba wimbo uliongoza redioni Marekani kwa wiki 16 na haukuingia Hot 100 kwa sababu za kikanuni. Jioni nikaenda kwa mjomba Magomeni na gazeti mkononi kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule. Akavaa miwani, akasoma, akasoma tena, akakunja gazeti.

"Kwa hiyo zile wiki mnampa nani sasa? Mnamnyang'anya Toni Braxton?"

Nikamwambia hapana mjomba, zake ni zake, kitabu kimeshafungwa.

"Afadhali," akasema. "Yule nilikuwa nampiga mara nne."