Uzito Husitiri, Kimo Hufichua: Ulaji wa Watoto Wadogo Quionga

Mtoto wa miaka miwili mwenye mashavu yaliyojaa hamtii mtu wasiwasi. Mizani nayo yaweza kumpitisha, kwa kuwa mtoto mfupi huhitaji kilo chache tu ili asionekane mwembamba. Ubao wa kupimia kimo ndio unaomuumbua. Makala hii inadai kwamba Quionga, katika wilaya ya Palma, kumshibisha mtoto si sawa na kumlisha, na tofauti hiyo husomeka kwenye kimo kuliko kwenye uzito.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2011 uliwakuta takriban asilimia 43 ya watoto wa Msumbiji walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Cabo Delgado, ilimo wilaya ya Palma, walizidi nusu. Waliokonda nchini hawakuzidi sana asilimia 6. Anayetafuta njaa kwa kuangalia mbavu, basi, huwapita wengi walioathirika.

Chanzo kimoja kimo chunguni. Mtoto wa kilo 9 huweza kula takriban gramu 270 kwa mlo. Uji wa muhogo unaochuruzika kwenye kijiko huijaza nafasi hiyo kwa maji na wanga kidogo, na mtoto hukataa kuendelea kwa sababu ameshiba kweli. Akila hivyo mara mbili kwa siku, mama akiwa shambani au ameshuka pwani maji yakipwa, tumbo limejaa lakini mifupa haikupata cha kujengea. Uzito huweza kurudi baada ya mavuno. Kimo kilichopotea kabla ya miaka miwili ni vigumu kukifidia.

Samaki wapo, ila kuwapo sokoni si kufika kinywani. Kwa kuhofia miiba, mdogo huchoviwa tonge kwenye mchuzi, na mnofu huenda kwa wakubwa. Kwenye sinia moja, mwenye mkono mwepesi ndiye anayekula. Wa mwaka mmoja na nusu bado anahangaika na tonge la kwanza.

Wapo watakaosema ukoo wetu ni wa watu wafupi. Vipimo vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wa miji sita, Muscat na Accra ikiwamo pamoja na Oslo. Waliponyonyeshwa na kutunzwa vyema, vimo vyao vilikaribiana sana. Wengine watataja vita. Ni kweli, vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwaka 2017 na shambulio la Palma la Machi 2021 vimewatoa watu mashambani na baharini. Lakini takwimu za 2011 zilitangulia vita. Vita vimelizidisha tatizo ambalo tayari lilikuwa jikoni, likisaidiwa na malaria na kuhara.

Kumlaumu mama ni kukwepa hoja, kwani hapiki asichonacho wala halishi akiwa hayupo. Kinachowezekana ni uji mzito usiodondoka kwenye kijiko, uliotiwa unga wa dagaa au karanga zilizotwangwa. Kisahani cha mtoto peke yake. Na mtu mzima wa kukaa naye hadi amalize. Kliniki nayo ipime kimo kila inapopima kilo, kisha iulize mtoto alikula nini jana, na mkononi mwa nani.