Mikono Iliyojenga Ngome

Historia inapozitaja ngome za Wanormandi, mara nyingi huwataja mabwana wake tu. Leo tuwatazame mafundi waliozijenga.

Mwaka 1066, William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari kutoka Ufaransa akaishinda Uingereza. Habari hiyo ilitariziwa kwa nyuzi za sufu juu ya kitambaa cha kitani chenye urefu wa karibu mita 70, kijulikanacho kwa jina la mji wa Bayeux. Humo twaona mafundi wakikata miti na kuunda merikebu, wapishi wakiandaa chakula, na wachimbaji wakirundika udongo wa ngome huko Hastings. Wawili kati yao wanapigana kwa sepetu. Wakubwa wameandikiwa majina yao, bali wachimbaji hao hawana jina.

Ngome nyingi za kwanza zilikuwa za udongo na miti. Baadaye zikaja za mawe, kama Mnara Mweupe wa London, wenye kimo cha mita 27, ulioanza kujengwa katika miaka ya 1070. Msimamizi wa kazi alikuwa Gundulf, askofu wa Rochester, na sehemu ya mawe ililetwa kwa merikebu kutoka Caen.

Katika kazi kama hiyo kila fundi alimtegemea mwenziwe. Mwashi hakuweza kuchonga jiwe bila patasi ya mhunzi. Mhunzi hakuweza kulainisha chuma bila mchoma makaa. Wala ukuta haukupanda bila jukwaa la seremala na chokaa iliyotoka tanuruni. Hata ngome ilipokwisha, bwana wake hakuweza kuishi humo siku moja bila mwokaji wa mikate na mtengeneza viatu vya farasi.

Lakini tusizisifu kuta tukasahau jasho. Kitabu cha matukio cha Waanglo-Saksoni kinasimulia kwamba mwaka 1097 wilaya zilizodaiwa kazi London zilitaabika sana kwa sababu ya ukuta wa kuuzunguka mnara, daraja lililobomolewa na mafuriko, na ukumbi wa mfalme huko Westminster. Watu wengi waliteseka.

Mwandishi huyo hakutaja jina la mfanyakazi hata mmoja, ila hakunyamaza. Nasi tunaposimama mbele ya jengo la fahari, tuulize: ni nani aliyechanganya chokaa yake, na je, alipewa haki yake?