Kinshasa Ilivyofika Uvira kwa Njia ya Anga

Kutoka bandari ya Kalundu, hapa Uvira, milima ya Mitumba imeziba upande wote wa magharibi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika zinaonekana taa za Bujumbura. Mawimbi ya FM hukata maji bila taabu, kwa hiyo redio za Burundi husikika Uvira kama za jirani wa mtaa. Kinshasa iko nyuma ya milima, kilomita kama 1,500. Sauti yake ilihitaji njia nyingine.

Setelaiti ya mawasiliano hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta, na parabole, yaani dishi, iliyoelekezwa kwake inatazama juu ya vilele. Miaka ya 1970 serikali ya Rais Mobutu ilikodi nafasi kwenye setelaiti za Intelsat, ikajenga kituo cha ardhini N'Sele, nje kidogo ya mji mkuu, na vingine mikoani. Taarifa ya habari ilifunguliwa kwa sura ya Mobutu ikitokeza mawinguni. Mtambo ulikuwa wa kisasa, lakini kazi yake ilikuwa moja: Kinshasa iseme, mikoa isikilize.

Aliyegeuza jambo hilo si serikali. Tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya amani ya Wakongo yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle walianzisha Radio Okapi. Wakati huo nchi ilikuwa imekatwa vipande na vita, na Uvira ilikuwa chini ya waasi wa kundi la RCD. Vituo vya redio hiyo vya mikoani vilipeleka ripoti Kinshasa. Kinshasa ikazipandisha kwenye setelaiti, zikashuka kila upande wa vita na kutoka kwenye FM kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Mtu wa Uvira na mtu wa Kinshasa, ambao ukosefu wa barabara na majeshi viliwatenganisha, wakasikia habari moja saa ileile. Kwangu mimi, hakuna matumizi bora zaidi ya setelaiti katika historia ya Kongo.

Setelaiti ya taifa yenyewe imebaki kwenye karatasi. Mwaka 2012 RENATELSAT, shirika la serikali, lilitia saini na China Great Wall Industry Corporation mkataba wa CongoSat-1. Haijarushwa. Ikirushwa, watu wa Uvira watakuwa na haki ya kuuliza kama ripoti za Kavimvira, Baraka na Fizi nazo zitapanda, au watarudishwa kwenye kusikiliza tu.